Mikono ya Mwanaidi Bado ni Baridi

Msambweni

Mdogo wangu Mwanahamisi,

Salamu kwako na kwa nyumba nzima. Usiishangae picha ya bendera mpya ya Uhuru iliyo kwenye kadi hii; dukani hapakuwa na kadi nyingine.

Mwanao Mwanaidi amejifungua mtoto wa kike, kisha akatokwa na damu nyingi. Nilipofika, mikono yake ilikuwa baridi, na mama mkwe wake alikuwa amemwekea makaa chini ya kitanda, akimkanda kwa maji ya moto kama wakandwavyo wazazi wote wakiisha kujifungua. Mbele yangu Mwanaidi akazimia.

Hospitalini daktari aliuliza, "Nani aliyempasha moto?"

"Mimi, mwanangu," akajibu mama mkwe. "Kwani mzazi hakandwi?"

"Si huyu, mama. Baridi ile ilikuwa ikimlinda. Damu ikipungua, neva na homoni za tezi zilizo juu ya figo huibana mishipa ya mikono na miguu, ili damu iliyobaki irudi moyoni. Moto umeilegeza."

Mama yule alijifunika uso kwa leso. Sindano ikatafuta mshipa mpaka nikashindwa kutazama. Sasa Mwanaidi anatiwa damu, lakini hajafumbua macho. Mtoto ananyonyeshwa na jirani.

Najua umekwisha kuchuma majani ya kumkandia, na ni haki yako uliyemzaa. Yaache huko Waa. Njoo na kanga zake tu. Ukifika, mshike mkono, wala usiusugue, hata ukiuona baridi.

Mola atubakishie wote wawili.

Kaka yako,
Mwinyi