Pampu Zako Bado Zinatoa Maji

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekubali ngazi tena. Sisi tu wazima, ila baba anakoroma mpaka majirani wanalalamika.

Nimehamishiwa kitengo cha mafunzo katika shirika ulilolitumikia. Kazi yangu ni kuhakikisha tuliyojifunza hayapotei. Nimekuta fumbo: pampu zote za mradi wenu wa visima zimekufa, isipokuwa za eneo lako. Ripoti zote, za zilizokufa na za zilizo hai, zinasema "wananchi walishirikishwa" basi. Wewe ulifanya nini? Mradi mpya unaanza Juni. Nisipopata jibu, tutachimba visima vingine vya kufa.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linapanda, kushuka ndiyo kazi. Mwambie kaka yangu alale ubavu.

Kuhusu visima, sikumbuki. Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, wakanitakia mapumziko mema. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Leo wanataka nini? Tena sikufanya la ajabu. Nilifanya kazi.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba sasa anakoroma kwa ubavu.

Sikusumbui tena. Nimetunga mwongozo mwenyewe: kisima kichimbwe uani kwa mwenyekiti, akilinde. Wafundishwe vijana wanne wenye nguvu, ukumbini, kwa picha, kisha wapewe vyeti. Pampu ikiharibika, walete taarifa ofisini.

Mwanao

5 Aprili

Mwanangu,

Salamu baadaye. Umepatwa na nini?

Uani kwa mwenyekiti! Nani atachota maji huku anamsema mwenyekiti, naye anasikia? Na vijana: ukiwapa vyeti asubuhi, jioni wamepanda basi kutafuta ajira mjini. Fundisha akina mama wenye watoto shuleni, hao hawaondoki. Ukumbini hawatajifunza kitu. Sisi pampu ya kwanza tuliiharibu wenyewe, makusudi, mbele yao, tukakaa pembeni mpaka wakaitengeneza. Walitutukana sana. Baada ya hapo hawakutuita tena.

Futa upuuzi huo.

Shangazi yako

14 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe. Mwongozo ule niliukosea kwa kukusudia.

Nimewahoji wastaafu kwa kinasa sauti, na wote husema kama wewe: "Nilifanya kazi." Siku moja mmoja wao, aliyekuwa fundi mkuu, aliniona nachora bomba vibaya. Alininyang'anya kalamu, akazungumza mpaka chai ikapoa. Nikajua mlango ulipo.

Barua yako sijamwonyesha mtu. Ukikataa, nitaichana, na mradi utakwenda bila hayo. Utaniruhusu?

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Baba yako hajambo?

Umenitega kama panya, nami nikaingia na mkia wote. Nimenuna vya kutosha. Itumie, usipunguze neno, hata lile la mwenyekiti.

Sasa swali langu. Pampu ya kilimani ilikuwa bora kuliko zote, na maji yake matamu. Hata hivyo wanawake wa pale walikuwa wakiipita, wakienda kuchota bondeni, mbali. Niliwauliza kikao baada ya kikao, wakacheka tu. Nimestaafu sijui sababu, na bado inanikera.

Ukifika huko Juni, usiitishe kikao. Chukua ndoo, ufuatane nao mpaka bondeni. Kisha uniandikie siku hiyohiyo, kabla hujaandika ripoti.

Shangazi yako