Asubuhi Niliyofagia Majani ya Watoto

Albert Park, Ijumaa, Mei 2013

Leo jua limetoka limechoka, kama mtu aliyelala na viatu. Na mimi vilevile. Nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, naandika haya upesi kabla sijaanza kujidanganya.

Wanaonisoma hapa wananijua. Mimi ni mwanamke wa nchi tano. Nilizaliwa Uvira, nikauza dagaa Kigoma, nikasuka nywele Lusaka, nikakaa Harare mpaka nikajifunza kunyamaza, halafu Durban ikanipa cheo: malkia wa kamasi. Shule niliiacha darasa la tano, lakini mipaka niliyoivuka kwa miguu, nioneshe profesa aliyeivuka.

Leo nimeangushwa na majani makavu.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nafanya kazi kwenye shule ya watoto wadogo ya Madame Odile, Mrundi, nyuma ya maghorofa yetu. Watoto ishirini na saba, wa miaka miwili mpaka mitano. Nawasha jiko, nakoroga uji, nafuta pua, natandika magodoro ya usingizi wa mchana, natafuta kiatu cha kushoto. Kila siku kiatu cha kushoto. Cha kulia hakipotei, sijui kwa nini. Na nafagia. Kufagia ndiko kunaniingiza kwenye hadithi hii.

Darasa ni la Miss Nomvula, binti wa Kizulu mwenye diploma na subira. Msaidizi wake aliondoka baada ya Pasaka, na tangu siku hiyo roho yangu inakitazama kile kiti chake kitupu. Nimechoka kuitwa shangazi, "Tantine, kamasi!" Nataka siku moja mtoto aniite mwalimu. Nilimwambia Madame waziwazi, akanijibu, "Tutaona Ijumaa, wazazi wakija."

Ijumaa ilikuwa siku ya majani.

Wiki mbili hizi tumefundisha majira ya majani kuanguka. Watoto wamevalishwa kofia za sufu huku mimi natoka jasho. Wamechora maboga, wamekunywa supu ya boga, wamemenya machungwa madogo mpaka darasa zima likanuka ganda. Tatizo ni moja: miti ya Durban haikubali uzee. Mei imefika na bado imevaa kijani kama inakwenda harusini. Basi Miss Nomvula akaenda kwa bibi yake, huko juu Pietermaritzburg kwenye baridi, akarudi na taxi na magunia mawili ya majani ya rangi ya chai. Kila mtoto alichagua jani lake, akaandikiwa jina kwa rangi nyeupe. Alhamisi jioni, mimi nimeshatoka, Miss aliyamwaga yote uani chini ya mti. Ijumaa saa nne, wazazi wakiwa wamekaa, kila mtoto angetafuta jani lake katikati ya mengine, alinyanyue juu, aseme jina lake.

Mpango huo alitueleza Jumanne wakati wa chai. Hapa ndipo naungama. Sikusikiliza. Nilikuwa nawasimulia nilivyolala kituoni Musina, karibu na mpaka, kwenye baridi ya kukata masikio, watu wanacheka, mimi naongeza chumvi. Miss alipouliza kama nimeelewa, nikasema, "Sharp, sharp! Mimi na baridi tunajuana."

Leo saa kumi na mbili kasoro nilifungua geti la nyuma, giza bado. Nilikuwa na Divine, miaka minne. Mama yake anapakia biskuti kiwandani Mobeni na zamu inaanza mapema, kwa hiyo ananiachia mtoto mlangoni pangu naye akiwa bado na mkate mkononi. Nikawasha taa ya simu.

Uwanja mzima majani!

Wazazi wanakuja saa nne, wanakuta uwanja kama nyumba iliyohamwa? Kwetu Uvira mwanamke hangoji jua limkute uani na takataka. Mama yangu alisema mgeni husoma uwanja kwanza, salamu baadaye. Nikazima taa kuokoa chaji, nikashika fagio langu la chelewa, nikainama; majina meupe sikuyaona. Nilifagia kwa hasira na kwa fahari. Nikapiga mistari kwenye mchanga, imenyooka kama nywele zilizosukwa kwa mkono wangu. Divine alikaa kwenye ngazi, anatafuna, anatazama. Majani yakaingia mifuko mitatu myeusi, mifuko ikaenda barabarani, na saa moja gari la taka likapita likaichukua.

Nikajisifu. Nikasema kimoyomoyo, Madame akiona usafi huu, darasa ni langu.

Saa moja na nusu Miss Nomvula alifungua mlango wa uani akasimama.

"Eish. Majani yangu yako wapi?"

Hapo ndipo Jumanne yote ilinirudia kichwani, neno kwa neno, hata yale ambayo nilidhani sikuyasikia. Na mdomo wangu, mdomo huu uliodanganya askari wa mipaka minne, ukafunguka wenyewe.

"Upepo," nikasema. "Usiku kulikuwa na upepo mkali sana."

Aliniamini. Hilo ndilo linanichoma hata sasa. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akasema, "Ningeyaingiza ndani. Ni kosa langu." Madame alipofika kwa mlango wa mbele na kusikia, akamgombeza mbele yangu. Eti mtu mwenye diploma anashindwa kufikiria upepo, na mji huu uko baharini!

Mimi nilikuwa nimeshika mwiko wa uji. Nitaandika jambo ambalo sitamwambia hata padri. Kwa muda wa kukoroga sufuria mara tatu, nilifurahi. Niliona yeye anashuka na mimi napanda.

Halafu watoto wakaambiwa. Sijawahi kusikia kilio cha aina hiyo. Sio cha njaa, sio cha kuanguka. Ishirini na sita, kila mmoja analilia kitu chenye jina lake.

Divine peke yake hakulia. Alikuja akavuta aproni yangu, akauliza kwa sauti ya kuamsha kijiji kizima:

"Tantine, upepo iko na fagio?"

Na akanyoosha kidole uani, kwenye mistari yangu.

Madame akageuka, akatazama nje. Amelelewa Burundi; mistari ile hakuhitaji kufafanuliwa. Akanitazama mimi. Uji ukaanza kuungua.

"Iko nalo, mama," nikamwambia Divine. "Upepo huo ni mimi."

"Yooo!" Madame akashika kichwa. "Wewe mwanamke, wewe!"

Miss Nomvula hajui Kiswahili. Ikabidi nimweleze mwenyewe kwa Kiingereza changu cha sokoni, kila neno zito kama gunia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ulifagia gizani?"

"Wageni walikuwa wanakuja."

Akaitazama mistari, kisha akasema, "Bibi yangu angefagia vilevile." Kidogo nipumue, lakini alikuwa hajamaliza. "Ila angeniambia."

Hakukuwa na muda wa kulia. Tulichana mifuko ya karatasi ya unga, tukakata majani bandia, Miss anaandika majina, mimi nakata mpaka kidole kikatoka lengelenge. Saa nne wazazi walikaa, watoto wakanyanyua karatasi zao, wakasema majina, watu wakapiga makofi. Haikuwa mbaya. Haikuwa nzuri. Majani ya karatasi hayalii kachakacha ukiyakanyaga, na watoto walilijua hilo kuliko sisi.

Divine alikataa la kwake. Akaliweka mezani kwa adabu kabisa. "Langu lilikuwa na tundu," akasema. "Mdudu alitoboa. Nilikuwa naangalia ndani."

Nilimwambia tutatoboa hilo la karatasi. Akatikisa kichwa kama mzee wa baraza.

Wazazi walipoondoka, Madame aliniita jikoni. Nilijua. Alizungumza polepole, na kwa Madame polepole ni mbaya kuliko kelele.

"Darasa bado," akasema.

"Kwa ajili ya majani, Madame?"

"Majani ni bahati mbaya. Hata mimi ningefagia. Darasa bado kwa ajili ya upepo."

Nikaenda kutandika magodoro. Watoto walilala, pua zinapiga filimbi, na mimi nikakaa katikati yao nikasikia uzito wa kila kilo niliyobeba tangu Uvira. Nimechoka kuwa mtu wa kuchekesha. Mipakani uongo ulinivusha, nikauzoea kama kitenge, najifunga hata pasipo na baridi.

Saa tisa nilimfuata Miss Nomvula getini. Nikamwambia nataka kwenda kwa bibi yake kuokota mengine, nitabeba magunia yote mawili mimi. Alinitazama toka kichwani hadi kwenye ndala.

"Taxi ya kwanza inaondoka saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Usichelewe, Mama Upepo."

Jina hilo litanikaa. Nalijua.

Maji ya beseni yamepoa. Nimeshakunja magunia, yako karibu na mlango. Kesho nitaokota ya watoto ishirini na sita kwanza, upesi, yoyote yenye rangi ya chai. Halafu nitapiga magoti chini ya miti ya watu nitafute moja lenye tundu la mdudu.

Nikilikosa, nitarudi kwa Divine nimwambie nimelikosa. Sitatoboa mwenyewe.