Leonte Dhidi ya Fausto

Baní, 4 Januari 1974

Mdogo wangu Zunilda,

Hamjambo huko Moca? Mgongo wako je? Sisi wazima, tunatamba tu. Gazeti limeandika mwanangu Fausto anaongoza ligi nzima ya besiboli: akishika gongo mara kumi, karibu nne anagonga vizuri. Mwambie mwanao Leonte Jumapili arushe anavyojua, kisha ageuze shingo autazame mpira ukivuka ukuta. Hiyo timu yenu ya Majogoo tutainyonyoa!

Dada yako, Eneida

Moca, 7 Januari

Dada,

Sijui nianzie wapi kukujulia hali. Nilikuwa nasikiliza mechi redioni. Mtangazaji alisema, “Leonte anarusha,” halafu uwanja mzima ukapiga yowe. Kisha akasema, “Fausto, kichwani.”

Amezinduka? Daktari anasemaje? Leonte hali chakula, wala hasemi lolote ila kwamba mpira ulimponyoka. Nijibu hata neno moja.

Mdogo wako, Zunilda

Moca, 12 Januari

Dada Eneida,

Hujanijibu. Habari za mwanao nazipata magazetini kama mtu baki. Leo wameandika bado amelala, na chini yake wakapanga takwimu zake kana kwamba wanamzika. Nimelichana gazeti lenyewe.

Jana nilimbana Leonte jikoni. Nikamwambia, “Mwanangu, mpira wako hauponyoki. Nitazame.”

Akasema, “Kocha aliniambia nimtie adabu, nimpige mbavuni. Fausto akainama.”

“Kwa hiyo ulimlenga?”

“Nilimlenga, Mama.”

Nimeona ulisikie kwangu, si kwa watu. Jumatatu anakwenda kuwaeleza wakubwa wa ligi. Kocha ameapa kwamba akifungua mdomo hatagusa mpira tena nchi hii. Baba yake anamsihi anyamaze. Mimi nimempigia shati pasi.

Nichukie, lakini niambie kama mtoto anapumua.

Zunilda wako

Baní, 20 Januari

Zunilda,

Barua zako zilifika zote. Ya kwanza niliichoma bila kuifungua.

Fausto aliamka Alhamisi. Jicho la kushoto halioni, na daktari hatupi tumaini. Neno lake la kwanza lilikuwa, “Tulishinda?” Nilipomwambia tulifungwa, akatukana tusi ambalo siku nyingine ningempiga kofi. Nililia mpaka muuguzi akanitoa nje.

Redio imetangaza kocha wenu amefukuzwa, na Leonte amefungiwa kucheza. Sikufurahi. Nilidhani ningefurahi.

Nimemsomea Fausto barua yako ya pili. Akasema, “Najua alinilenga. Nilimwona usoni kabla mpira haujamtoka. Mwambie binamu aje aniambie mwenyewe.”

Basi aje, kwa basi la asubuhi. Atakuta ndizi za kuponda na jibini ya kukaanga, maana ni mtoto wa mdogo wangu na hatalala njaa kwangu. Ila sitakaa naye mezani. Asiniombe msamaha, nisije nikasema neno lisilorudi.

Na wewe, Zunilda, usimsindikize. Uso wako bado siuwezi.

Endelea kuandika.

Dada yako, Eneida