Neema Alibatizwa, Muntu Asiniambie Hapana

Alhamisi. Mvua inanyesha tangu asubuhi, kilima yetu ya Bihambwe, huku Masisi, imejifunika ukungu kama mugonjwa na blanketi yake, na mimi niko na hasira.

Ninaandika na kidole kimoja kwa telefone, kwa hiyo hasira inatoka polepole. Masomo yangu ilikuwa kidogo. Niliacha shule mbele ya kujua kugawanya. Lakini katekisimu niliishika yote kwa kichwa, swali na jibu, na mpaka leo hakuna muntu wa kunishinda hapa. Hata padri alisema hivyo. Alisema mara moja tu, lakini nilisikia vizuri.

Basi, hasira yangu ni hii. Kuko muhubiri mumoja kijana, Yeremia, alitokea upande wa Walikale, akapitia Kashebere na kundi yake, akatua kwetu. Wanabatiza watu upya mu kijito ya chini ya soko. Wanasema ubatizo wetu wa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu si kitu. Eti Baba si jina, Mwana si jina, ni vyeo tu. Jina ni Yesu peke yake, na huyo Yesu njo Baba, njo Mwana, njo Roho. Mungu mumoja anabadilisha nguo. Kama hukuzamishwa kwa jina la Yesu peke yake, wewe ni mupagani mwenye kuoga.

Mupagani mwenye kuoga! Ile maneno waliisema.

Kama wangeishia hapo ningecheka. Nimezoea. Kwetu kila kilima iko na kanisa yake. Kuko wale wanatembea wawili wawili na mufuko, wanasema Yesu aliumbwa, ni mukubwa wa malaika basi. Hao nilibishana nao mpaka wakasahau mwavuli kwangu. Kuko wale wa Jumamosi. Wanamukataa nguruwe wangu, lakini Utatu wanaukubali, kwa hiyo tunasalimiana. Hawa wapya wamegusa ndani ya nyumba yangu.

Wamemugusa Furaha.

Furaha ni binti yangu. Bwana yake anafanya biashara kule Kashebere, lakini yeye alikuja kuzalia kwetu. Mutoto, Neema, hakumaliza wiki. Asubuhi moja alianza kupumua vibaya. Padri alikuwa mbali, lopitali mbali, na barabara ilikuwa mikononi mwa watu wa bunduki. Mama Furaha, bibi yangu, akamushika mutoto. Mimi nikachukua kikopo, nikachota maji mu bido, dumu yetu ya plastiki, nikamumwagia kichwani: Neema, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kanisa inaruhusu. Mutoto akiwa anakufa na padri haiko, Mukristo yeyote anaweza. Mbele jua haijafika juu, alikuwa amekwenda. Tulimuzika nyuma ya nyumba, mu migomba.

Ile maji njo kitu Furaha alishikilia. Kwa sababu yake alikuwa anakula, alikuwa anaweza kulala.

Sasa wiki iliyopita alishuka kufua nguo. Wamama wa ile kundi wakamuzunguka na maulizo, kisha Yeremia mwenyewe akakuja. Akamuambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba mutoto wake alimwagiwa maji na muzee mwenye hajui hata kusoma vizuri, kwa vyeo na si kwa jina, na huyo mutoto hakuingia. Lakini yeye Furaha angali na nafasi. Jumapili hii wanamungojea mtoni.

Hakuingia.

Muntu anaweza kunitukana mimi, ninajua kujibu. Lakini kumuambia mama, maziwa ingali inamutoka, kwamba mutoto wake iko inje ya mulango wa mbinguni! Shetani mwenyewe angeona haya.

Tangu ile siku Furaha anatia chakula mukononi na kuirudisha mu sahani.

Jana ilikuwa siku ya soko, nikaenda kumutafuta huyo Yeremia. Mvua ikatukusanya wote chini ya mabati: wamama wa sombe na maharagi, wazee wa kasiksi na vikombe vyao vya pombe, na yeye na Biblia yake mu plastiki. Nilianza kwa adabu. Rafiki yangu Bahati anasema nililia kama ng'ombe ya kule malishoni Karuba, lakini Bahati alishakunywa.

Nikasema: "Mwanangu Yeremia, leo nitakufundisha Utatu, hata mutoto wa darasa la kwanza ataelewa. Niangalie. Niko baba ya Furaha. Niko mwana wa marehemu baba yangu. Niko bwana ya Mama Furaha. Tatu hizo, lakini Deo ni mumoja! Na Mungu njo vile!"

Wamama wakapiga makofi. Nikapangusa ndevu.

Yeremia akanishika mukono na mikono yake yote mbili, kwa heshima, anacheka. "Aksanti sana, Papa Deo. Njo ile tunafundisha kila siku. Mungu mumoja, vyeo tatu. Na wewe jina yako ni Deo tu, si Baba, si Bwana. Papa, kumbe uko wetu!"

Nikavuta mukono wangu nyuma.

"Yee, Papa Deo!" Bahati akapiga kelele. "Goli umefunga, lakini golini kwenu!"

Soko nzima ikaanguka kicheko. Mama mumoja wa maharagi, mwenye ninamusaidia kila siku kubeba mufuko, akasema: "Papa, Jumapili usisahau taulo!"

Nikatoka chini ya mvua bila kuaga muntu.

Ule mufano nimeutoa miaka na miaka! Mimi njo mukubwa wa shirika, majirani wanakuja kusali kwangu kila wiki, wanasikia, wanaitika amina. Hakuna hata mumoja aliyesema, Papa Deo, hapo umepotea. Nilikuwa ninafundisha mafundisho ya Yeremia mbele Yeremia hajazaliwa.

Nilikuwa ninapanda na matope, ninaongea peke yangu, njo jibu ikakuja. Yordani! Mwana iko ndani ya maji, anabatizwa. Baba anasema kutoka juu, huyu ni Mwanangu. Roho anashuka kama njiwa. Wote tatu, saa moja, mahali pamoja. Sasa mimi Deo ninaweza kusimama mtoni, na kujiita kutoka mulimani, na kujishukia kichwani? Siwezi. Kwa hiyo Mungu si kama mimi. Ni Mungu mumoja, lakini Nafsi ni tatu kweli, si nguo tatu. Na kule mu bustani, usiku wa kukamatwa, Yesu alimuomba nani? Alikuwa anajiomba mwenyewe na kujijibu hapana?

Na tena tunasema Mungu ni upendo. Kama alikuwa peke yake mbele ya dunia kuwa, alipenda nani? Kujipenda peke yako hiyo si upendo, ni kiburi. Mambo ya kiburi niko ninaijua vizuri.

Karibu nigeuke nirudi sokoni. Lakini jibu ikichelewa inakuta watu wameshaenda.

Nyumbani nilimukuta Furaha anamenya ndizi. Kicheko ya sokoni ilishafika mbele yangu. Nikaanza kumuelezea Yordani, nimesimama, maji inatoka mu koti.

"Papa, acha Yordani," akasema. "Niambie kitu moja. Hauko padri. Haukusoma. Ile maji yako ilikuwa na nguvu gani?"

Hapo niliumia kuliko sokoni. Sababu mimi, kwenye kilio, sokoni, hata mbele ya padri, ninasema: Neema ni mimi nilimupeleka mbinguni, kwa huu mukono. Ninapenda kuisema. Kati ya vitu vyote nilivyofanya, hiyo njo nzuri kupita. Na pale nikaona: kama ni kwa mukono wangu, basi Yeremia ana haki. Mukono wenyewe ni huu, wa muzee, unanuka tumbako, unaandika na kidole kimoja.

Nikakaa chini.

"Haikukuwa na nguvu yangu hata kidogo," nikamuambia. "Mimi nilimwaga tu. Mwenye kubatiza ni Mungu. Hata mulevi, kama angemwaga ile maji na kusema ile maneno, akitaka kufanya kile Kanisa inafanya, Neema angekuwa amebatizwa. Mutoto wako hakuingia kwa sababu ya Papa Deo. Aliingia kwa sababu ya Baba aliyemutaka, na Mwana aliyemufia, na Roho aliyemushukia."

Akamenya ndizi moja, na ingine.

"Hata mulevi?"

"Hata Bahati."

Akacheka. Kidogo, na pua tu, lakini nilisikia. Kisha akasema: "Jumapili nitashuka mtoni."

Nikashika kiti.

"Nitamuambia Yeremia mimi mwenyewe. Mutoto wangu alibatizwa, na mimi nilibatizwa, aniache. Mama atanisindikiza."

Nikasema vizuri sana, nitavaa koti ya misa, Yordani iko tayari. Akanikatiza. "Hapana, Papa. Wewe utabakia. Ukifika pale utaanza tena: niko baba, niko mwana, niko bwana ya Mama Furaha."

"Kabisa!" mama yake akaitika kutoka jikoni.

Leo asubuhi nilimuuliza tena. Alikataa tena, lakini alikuwa anakula.

Basi niko hapa na neno bora kuliko yote mu Masisi, na wamenikataza kulibeba. Nimefikiria kupitia kule mtoni ile siku kama mwenye kutafuta mbuzi aliyepotea. Sina mbuzi. Na mutoto alikuwa wake, ni yeye ataongea. Jumapili nitabakia nyumbani, hata ikiniuma namna gani.

Lakini wewe mwenye unasoma, kama utapita Bihambwe ukutane na yule kijana, muulize ya Yordani. Usimuambie ni nani amekutuma.

Ao basi, muambie.