Betri za Mama Juani

Sombetini, Arusha
14 Machi 1991

Dada Kauthar,

Shikamoo. Mvua imewahi mwaka huu, na Mlima Meru hatujauona wiki nzima. Wokmeni uliyotutumia kutoka Maskati imefika salama, pamoja na kaseti uliyorekodi sauti yako. Mama aliisikiliza kidogo tu, akavua visikio. "Mashine mbovu hii," alisema. "Inamburuza mwanangu."

Tulinunua betri mpya, haikusaidia. Nikaisafisha kichwa kinachosoma kaseti kwa pamba na spiriti, bado. Mwisho niliipeleka kwa fundi Jayesh. Akabadili mpira unaozungusha kaseti, akaweka taarabu yake, ikaimba sawasawa. Akarudisha kaseti yako, ukaburuta maneno vilevile.

"Bwana Twahir, mashine nzima hii, usinipotezee siku," alisema. Kisha akasikiliza tena, akashusha sauti. "Hebu msikilize huyo mwanamke wa nyuma."

Nyuma yako kuna mwanamke anakuita kwa Kiarabu, na maneno yake yanatoka upesi, kama ya mtu yeyote. Unayeburuta ni wewe peke yako. Neno "mama" umelianza mara tatu.

Dada, ni kiharusi? Tangu lini? Anwani juu ya kifurushi haikuandikwa kwa mkono wako. Nijibu mimi, kwa anwani ya gazeti ninakofanya kazi, si ya nyumbani.

Mama sijamwambia. Jua likichomoza kidogo anaanika betri dirishani, zipate nguvu, nawe upate kusema vizuri.

Mdogo wako,
Twahir