Mabibo Niliyokula kwa Kujificha

Alhamisi, saa nne asubuhi. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua hainyeshi, joto la kubana tu. Nimekaa mkekani, miguu nimeinyoosha, tumbo limeingia mwezi wa sita. Niko salama. Jana mchana sikuwa na hakika kama leo ningeliandika neno hilo.

Nianzie nyuma kidogo.

Mwaka juzi mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne. Wiki ileile tulikuwa tumetoka harusini Ikwiriri, na kule nilikula nanasi. Mama mkwe wangu hakunigombeza. Alisema mara moja tu, huku anafua shuka zangu zenye damu: "Nanasi lile." Basi. Maneno mawili, na mie nimeyabeba mpaka leo.

Ndiyo maana safari hii nilipoona siku zimepita, nikaacha matunda yote. Mama mkwe, ambaye namwita mama tu, naye akaniwekea mipaka: nanasi hapana, papai hapana, bibo la mkorosho usiliguse, ati yanafungua tumbo. Nikatii. Hata chungwa nilikuwa nalinusa tu.

Mwezi uliopita kliniki, nesi akakuta damu yangu imepungua. Akaniambia nile mboga za majani, dagaa na maharage, nimeze vidonge vyangu, na matunda nisiyaogope, niyaoshe tu kwa maji safi. Nikarudi nyumbani kimya. Niliona haya kumwambia mama kwamba nesi amesema tofauti na yeye.

Badala ya kusema, nikaanza kula kwa kuiba.

Jana asubuhi nilimfuata Salumu, mume wangu, shambani kwenye mikorosho. Msimu ndio kwanza unaanza, mabibo machache yamewahi kuiva, mekundu, yananukia mpaka mate yanakujaa. Salumu alikuwa upande wa pili anapalilia. Nikaingia chini ya mkorosho wa kwenye kichuguu, nikachuma manne. Korosho zake nikazinyofoa nikazifunga kwenye pindo la khanga, maana korosho haitupwi. Mabibo nikayala palepale nimeinama, maji yanachuruzika hadi kwenye viwiko. Kuyaosha? Mtu anayeiba anaosha saa ngapi?

Tulipofika nyumbani Salumu akaona pindo limetuna. Akauliza, korosho za mti gani hizo. Nikamwambia, wa kwenye kichuguu.

Akalitazama lile pindo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ule nimeupulizia dawa juzi jioni."

Sikuwaza dawa, niliwaza zile shuka.

Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: mabibo, maneno ya nesi, kujificha kwangu. Nilikuwa nasubiri tu aseme "Bibo lile." Hakusema. Aliweka ungo chini, akamwambia Salumu alete chupa ya ile dawa, nesi aione, kisha akatoka barabarani kusimamisha bodaboda mwenyewe. Tukapanda mie na yeye, Salumu akafuata na baiskeli. Njia nzima alimshika bega yule dereva. "Baba, taratibu. Umebeba watu watatu hapa, mmoja hajaona hata jua."

Zahanati, nesi yuleyule wa kliniki alisoma chupa, akaniuliza kama nina kichefuchefu, kizunguzungu, kama macho yanaona ukungu. Akanipima presha, akaweka kile kipimo chake tumboni. Tukasubiri. Kisha tukausikia moyo, unakwenda mbio kama mtu anayetwanga kwa haraka.

Mama alifumba macho.

Nesi alituweka pale hadi alasiri aniangalie. Akasema haoni dalili mbaya, ila nikitapika, nikipata kizunguzungu au mtoto akitulia kuliko kawaida nirudi hapohapo, saa yoyote. Aliyegombezwa ni Salumu, kwamba mti ukipuliziwa watu wa nyumbani waambiwe. Mie nikaambiwa nioshe kila tunda kwa maji safi ya kumimina, hata lile la kumenya, na mikono na kisu pia. Papai liwe limeiva, bichi lenye utomvu niliache. Na yale yaliyokatwa yakakaa wazi barabarani, niyapite.

Hapo mama akauliza, polepole, "Na nanasi?"

Nesi akasema vipande vya nanasi lililoiva havitoi mimba. Akasema mimba nyingi hutoka bila kosa lolote la mwenye mimba.

Tulirudi kukaa kwenye benchi la nje. Mama alikuwa anakunjakunja pindo la khanga yake, hanitazami. Akasema, "Mwanangu, mie nilikuwa natafuta pa kuuweka ule msiba. Nikauweka kwenye nanasi. Sikujua nimekutwisha wewe."

Nilimwegemea tu begani mpaka tulipoitwa.

Sijui kama hasira nilikuwa nayo. Labda nilikuwa nayo na sikuijua, kwa sababu usingizi mzito kama wa jana usiku sijaupata tangu mwaka juzi.

Leo asubuhi mama ametoka kwa jirani na papai lililoiva njano lote. Amechemsha maji, ameyapoza, ameniita nimmiminie kwa kata huku yeye analisugua kama anamwogesha mtoto. Nikacheka. Akasema nicheke tu, nitaona zamu yangu ikifika. Amelikata, akaweka sahani katikati yetu. Kipande cha kwanza alikula yeye, huku ananitazama.

Nami nikala. Mtoto akageuka.

Sasa najiuliza, ningelisema siku ileile niliyotoka kliniki, ningepungukiwa na nini? Ningeona haya tu, nayo ingeisha siku hiyohiyo.

Kuanzia kesho, maji ya kuoshea matunda nitayachemsha kabla ya maji ya chai. Na nitakula hapahapa mkekani, wapitao wakiniona.