Toroli Lipate Pa Kugeukia

3 Machi
Kwa Baba,
Shikamoo. Mimi mzima, natumai nyonga imeacha ubishi na mama hajambo. Baba, nimepewa ghala! Jipya, tupu, ukikohoa linakujibu, na wa kulipanga ni mimi. Sharti la tajiri: siku ya kufungua, malori matatu yapakiwe kabla ya saa sita mchana. Yakichelewa, ukuu wa ghala anapewa mpwa wake, ambaye kazi yake hadi leo ni kuzunguka na funguo. Nimechora ramani, rafu kumi na nne, hakuna pembe iliyopotea. Fundi anatoboa sakafu kuzifunga tarehe kumi na tano. Iangalie.
Mwanao

8 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Nyonga bado ina maoni yake. Mama yako hajambo. Ramani kaibandika ukutani, wageni wanadhani tunajenga. Ni nzuri, ila sijaona mtu ndani yake. Kabla fundi hajatoboa, ichore sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa wake hasa. Pakia toroli, mwenzako aje na la pili kutoka upande wa pili, mkutane. Na vizito viwe usawa wa kiuno. Anayeviweka juu hajawahi kuvishusha.
Baba yako

16 Machi
Kwa Baba,
Shikamoo. Hali njema, magoti meupe kwa chaki. Tulikutana katikati, mimi na mpakiaji tunayemwita Kipara. Akaniuliza, "Sasa dada, nani arudi kinyumenyume?" Hakuna aliyeweza. Nimefuta rafu tatu, nikapanua njia. Tajiri alipohesabu kumi na moja alirudia kuhesabu kwa kidole hadi nikatamani afoke. Mpwa akatikisa funguo. Fundi ameshatoboa, basi tena. Tunafungua Alhamisi ijayo.
Mwanao

23 Machi
Kwa Baba,
Shikamoo, mengine nitauliza chini, siwezi kusubiri. Lori la tatu limetoka saa tano na robo! Kipara alikaa juu ya gunia akauliza kazi nyingine iko wapi. Ukuu ni wangu. Tajiri ana ghala la pili, ni vurugu tupu. Nilipomwambia nilishauriwa kupanua njia, akataka kujua mtaalamu wangu alisomea wapi. Nikasema ni mpakiaji mstaafu. Akasema, "Mwite." Tiketi imo humu. Mama mzima?
Mwanao

27 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Mama yako mzima, anainyoosha suruali yangu kwa mara ya pili. Miaka thelathini na moja nimebeba mizigo ya watu, hakuna aliyewahi kuniuliza ikae wapi. Nafika Jumamosi. Mwambie tajiri asiguse kitu.
Baba yako